Mizunguko Themanini

Swali lilikuja mwishoni mwa usaili, nikiwa nimeshaanza kuamini kwamba nimevuka. Wasaili walikuwa watatu kwenye skrini ya kompyuta. Mimi nilikuwa Sinza, chumbani kwa rafiki yangu, kwa sababu intaneti yake haikatiki ovyo kama ya kwangu. Mama mmoja alivua miwani, akainua karatasi yangu ya maombi.

"Umeandika kwamba utotoni ulitengeneza ndege inayoruka kwa nguvu ya mpira, na ukawa unairusha ndani ya ghala la kahawa. Unasema mpira ukishazungushwa hadi mwisho, unaurudisha nyuma kidogo kabla ya kuiachia ndege. Kwa nini upoteze nguvu uliyokwisha kuiweka?"

Nilijibu bila kusita. "Kwa sababu paa la ghala si refu. Mpira uliokazwa hadi mwisho unatoa nguvu nyingi sana sekunde za kwanza. Ndege inapanda mbio, inajigonga kwenye kenchi, inaanguka. Ukirudisha mizunguko kama hamsini hivi, inapanda taratibu na kukaa juu muda mrefu."

"Basi si ungezungusha pungufu tangu mwanzo?"

"Haiwi sawa. Mpira ukishafika mwisho, hata ukirudi, haurudi kama ulivyokuwa."

Yule mama alitabasamu, akaandika kitu. Baada ya wiki mbili nikapata barua: ada, malazi na fedha za utafiti, miaka miwili ya shahada ya uzamili ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilimpigia mama simu, akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Nyuma yake niliisikia sauti ya kaka yangu ikiuliza kuna nini.

Ile sentensi ya mwisho niliyowajibu ilikuwa yake. Na ndege ilikuwa yake.

*

Nimezaliwa Itaka, wilayani Mbozi, enzi hizo tukiwa bado mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Ni nchi ya kahawa na mahindi. Ukimtajia mtu wa mbali Mbozi, kama si kahawa atakukumbusha kimondo cha Ndolezi, lile bonge la chuma lenye uzito wa tani nyingi lililotoka angani. Mwaka 2010 shule ilitupeleka kukiona. Mimi nilikuwa darasa la tano, kaka darasa la saba. Wenzetu walikipapasa na kukigonga wasikie mlio. Kaka akamwuliza mwalimu: kitu kizito hivi kilikaaje huko juu?

"Hakikukaa," mwalimu akasema. "Kilikuwa kinaanguka muda wote, hadi kikafika."

Kaka alirudi na jibu hilo nyumbani, akalitafuna kwa siku kadhaa. Alikuwa tayari ni mtoto wa kutengeneza vitu. Magari ya mabua yenye usukani alikuwa ameyamaliza zamani, na ya waya pia. Alikuwa na kile kigari cha kibobo cha uzi ambacho unapitisha mpira katikati, unaweka kipande cha sabuni upande mmoja na kijiti, unazungusha, kinatambaa chenyewe. Siku moja alikigeuza kikawa kimesimama wima mkononi, akakitazama kile kijiti kikizunguka hewani. Nadhani ndege ilianzia hapo.

Hakujua, na mimi sikujua hadi nilipofika chuoni, kwamba Mfaransa mmoja alikuwa amepita njia hiyo. Mwaka 1871 Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo ya mpira katika bustani ya Tuileries mjini Paris, ikakaa hewani sekunde 11. Alikuwa na miaka 21. Mwaka 1878 askofu mmoja wa Marekani aitwaye Milton Wright aliwaletea wanawe kidude cha kuruka kilichotokana na kazi ya Pénaud, cha karatasi, mianzi na mpira. Watoto hao walikuwa Wilbur na Orville. Kidude kilipovunjika walijaribu kutengeneza vingine.

Ndege za kwanza za kaka hazikuruka. Zilikuwa nzito, halafu upepo wa kwetu hauna huruma. Itaka iko juu, kwenye uwanda. Kuanzia Juni upepo unavuma kana kwamba umetumwa. Ndege ikiachiwa inabinuka, inapiga kichwa. Kaka hakulaumu ndege. Alisema tutafute mahali pasipo na upepo.

Baba mdogo alikuwa mlinzi wa ghala la kahawa la ushirika. Kahawa yetu huvunwa katikati ya mwaka, na kufikia mvua za Novemba ghala linakuwa limebaki na harufu, magunia machache ya katani na panya. Lilikuwa jengo refu la matofali na bati, sakafu ya saruji, kenchi za mbao juu, urefu wa watu wazima watatu waliopandiana mabegani. Mlango ukifungwa, jani la mgomba lililoning'inizwa halitikisiki. Kaka alilijaribu kwa jani kweli, akalitazama kwa muda kisha akasema, "Hapa."

*

Niseme ilivyotengenezwa, kwa kuwa katika fomu yangu nilieleza sehemu hii vizuri sana.

Mwili ulikuwa ganda la bua la mahindi, lililokauka na kuchongwa kwa wembe hadi likawa jembamba kama njiti ya kiberiti. Sehemu za kukunja alitumia moyo wa bua, ule mweupe mwepesi ndani. Mabawa aliyafunika kwa nailoni ya vile vifuko vyembamba vya kuuzia karanga. Mfuko wa rambo aliujaribu, ukawa mzito. Panga la mbele alilikata ubavuni mwa chupa ya maji, akifuata mviringo wa chupa kwa mshazari ili kila kipande kiwe na mkunjo wake tayari. Panga lilihitaji kitu cha kuzungukia bila kukwaruza, na hapo ndipo nilipochangia: shanga moja ya plastiki kutoka kwenye mkufu wangu.

Mpira wa tyubu ya baiskeli haukufaa, unavutika kidogo na ni mzito. Mpira uliofaa ulitoka Tunduma. Baba mdogo mwingine alikuwa akipeleka mahindi mpakani, na kule wabadilisha fedha hufunga mabunda ya kwacha na shilingi kwa mipira myembamba ya kahawia. Kila akirudi, kaka alikuwa wa kwanza kumpokea mzigo, akiomba mipira. Aliiunganisha mmoja baada ya mwingine, akaipaka mafuta ya nyonyo ili isisuguane na kukatika, akaihifadhi ndani ya kopo la maziwa, mbali na jua.

Kazi yangu ilikuwa kushika na kuhesabu. Kaka alishika keekee aliyoazima kwa fundi seremala, ndoano mbele. Mimi nilishika ncha ya pili ya mpira. Alirudi nyuma hadi mpira ukavutika mara nne au tano ya urefu wake, kisha akaanza kuzungusha huku akinisogelea pole pole, mpira ukijaa mafundo, halafu mafundo juu ya mafundo. Mzunguko mmoja wa mpini ulikuwa minne ya ndoano. Nilihesabu mpini, nikazidisha, nikaandika kwenye daftari la hesabu: tarehe, mizunguko, sekunde. Sekunde tulizipata kwenye saa ya mkononi ya baba.

Halafu kimya. Watoto wengine waliokuja walikaa sakafuni, wakikatazwa kutembea, kwa sababu mtu akipita upepo wake unaisukuma ndege. Kaka aliiachia, hakuitupa. Ilimwondokea mkononi kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Mkia ulikuwa umekunjwa kidogo kushoto, kwa hiyo ilizunguka kushoto, duara baada ya duara, ikipanda. Panga lilizunguka polepole kiasi kwamba ungeweza kuliona. Mvua ikipiga bati huwezi kusikia hata kikohozi, unaona tu kitu kinachopita juu ya kichwa chako bila sauti na mwanga wa mlangoni ukipenya kwenye mabawa.

Ikinasa kwenye kenchi, kaka alikuwa na mwanzi mrefu wenye kitambaa nchani. Aliitoa kwa upole kama mtu anayetoa yai kiotani.

Aligundua mambo mengi ambayo mimi nimekuja kusomeshwa. Aligundua kwamba jua likiwaka saa tano ndege inasogea yenyewe upande mmoja wa ghala, na akasema bati likipata joto hewa ya ndani haitulii. Tangu hapo turushe asubuhi na mapema au mvua ikinyesha. Na aligundua lile la kurudisha mizunguko. Ndege ilikuwa ikipanda kwa hasira na kujigonga. Mimi nilishauri tuzungushe pungufu. Tulijaribu, ikawa inashuka mapema. Kaka akazungusha hadi mwisho, kisha akageuza mpini nyuma. Ndege ikapanda kistaarabu, ikapita chini ya kenchi kama kiganja kimoja, ikakaa. Ndipo aliposema ile sentensi kuhusu mpira usiorudi kama ulivyokuwa.

Rekodi yetu ilikuwa sekunde 58. Tulitaka dakika. Hatukuipata.

*

Mwaka 2012 nilifaulu darasa la saba. Kaka alikuwa anamaliza kidato cha pili. Bei ya kahawa haikuwa nzuri mwaka ule, na baba alikuwa ameanza kuumwa mgongo. Januari 2013 nilivaa sketi mpya ya sekondari. Asubuhi hiyo kaka hakuvaa sare. Alibeba begi langu hadi njia panda, akanikabidhi, akageuka. Wiki iliyofuata alikwenda Tunduma kushusha mizigo ya malori yanayongoja kuvuka.

Sikumwuliza mtu kitu. Nilikuwa na miaka 13 na niliogopa kwamba nikiuliza, hesabu itafanywa upya.

Hakuna aliyekaa chini akaamua, angalau sijawahi kusikia. Ada na michango ilitosha mmoja, na matokeo yangu yalikuwa mazuri kuliko yake. Mtihani haukuuliza kuhusu mkia uliokunjwa kushoto.

Miaka ikaenda: kidato cha nne, cha sita, shahada ya kwanza. Nilichagua fizikia na watu wakasifu. Mwaka wa tatu mhadhiri alichora ubaoni mstari wa mpira ukivutwa na mstari mwingine wa mpira huohuo ukiachiwa. Mistari haikulingana, ikaacha umbo la jani katikati. Akasema hiyo inaitwa histerisisi, na nafasi ile katikati ni nishati iliyopotea kama joto. Darasa zima liliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimeliona jani lile ghalani nikiwa na miaka 12, na aliyenionyesha alikuwa wakati huo huo Tunduma na gunia begani.

Siku hiyo ndiyo iliyonipa mada. Utafiti wangu wa uzamili unahusu namna mpira asilia unavyochoka ukivutwa na kuachiwa mara nyingi. Sampuli zangu zinatokana na mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza. Nilipojaza fomu ya ufadhili, kulikuwa na kisanduku: eleza kitu ulichokibuni au kukitengeneza wewe mwenyewe. Niliandika "tulitengeneza". Nikasoma tena. Nikafuta herufi mbili, nikaweka nyingine. Nilitengeneza.

Nilijitetea wakati huo kwamba nilikuwepo, kwamba shanga ilikuwa yangu na hesabu zilikuwa zangu. Lakini kama hayo yalitosha, kwa nini sikuyaandika hayo? Ningeweza kuandika kwamba nilikuwa mhesabuji. Hataza ya mwaka 1906 ya ndugu Wright ina majina ya wote wawili, na haikupunguza sifa ya yeyote.

*

Desemba 2024 nilikwenda nyumbani kwa likizo. Ni zaidi ya kilomita 900 kwa basi, halafu bodaboda kutoka barabara kuu. Kaka alikuwa amesharudi Itaka miaka kadhaa, ana banda la kutengeneza pikipiki, mke na watoto wawili. Nilimletea mzani mdogo wa kidijitali niliounua Kariakoo, wa kupimia vito, unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Alikuwa na furaha nao kuliko shati nililomletea pia. Alipima skrubu, pete ya mkewe, mbegu ya kahawa, unyoya wa kuku.

Jioni nilimwonyesha kwenye simu video za watu wanaorusha ndege ndani ya majengo. Katika mashindano ya dunia ya daraja linaloitwa F1D, ndege yenye mabawa ya sentimita 55 inaruhusiwa kuwa nyepesi hadi gramu 1.4 tu bila mpira wake. Karatasi moja ya A4 ina gramu 5. Wanarushia kwenye mahangari ya zamani ya ndege-puto, na huko Slănic, Romania, wanarushia ndani ya mgodi wa chumvi, mita mia mbili hivi chini ya ardhi, mahali pasipo upepo kabisa. Ndege inakaa juu dakika ishirini na zaidi.

Kaka alitazama bila kusema. Video ilipoisha aliirudisha mwanzo. Kisha akauliza, "Huyo naye anarudisha mizunguko?"

"Wote wanarudisha."

Alicheka, akapiga goti lake. "Unaona?"

Nilikuwa nimejipanga kumwambia siku nyingine, labda siku ya kuondoka. Lakini kicheko kile kilinishinda. Nikamwambia yote: kisanduku, herufi mbili, yule mama mwenye miwani, jibu langu. Nikamwambia kwamba ada yangu na chumba ninacholala vinatokana na ndege yake. Shemeji alikuwa anachambua maharage mlangoni. Mikono yake ilisimama.

Kaka alikaa kimya muda ambao sikuupima.

"Uliwaambia tulikuwa tunarudisha mingapi?" akauliza.

"Hamsini hivi."

"Themanini."

"Kaka, mimi nakuambia kwamba..."

"Ilikuwa themanini, mdogo wangu. Mpini mara ishirini."

Akainuka, akaingia ndani. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na daftari limefungwa kwa nailoni, jalada lina madoa ya mafuta ya nyonyo. Lilikuwa na mwandiko wangu wa darasa la sita, namba zimepangwa safu kwa rula. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja: *zungusha 620, rudisha 80, sekunde 58*.

Mimi niliyejiita mvumbuzi sikuwa hata nimeikumbuka vizuri kazi iliyokuwa yangu kweli.

"Kwa nini hukunitaja?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Nilimwambia ukweli niliokuwa nao: niliogopa kwamba wakijua kuna wawili, wangeona wamemchukua asiye sahihi.

"Ndiyo ulichokiogopa na mwaka ule," akasema. Hakutaja mwaka gani. Akalifunga daftari kwenye nailoni yake. "Waandikie basi. Na waandikie themanini."

*

Hatukurudi kuzungumzia jambo hilo likizo ile. Siku tatu baadaye aliniamsha kabla ya jua. Mlinzi wa ghala sasa ni mtu mwingine, lakini pikipiki yake hutengenezewa kwa kaka. Ndani palikuwa vilevile, ila bati moja limetobolewa na mwanga unashuka kama uzi. Kaka alikuja na ndege mpya aliyoitengeneza usiku mbili. Tuliipima: gramu 6.8. Alikasirika, akakwangua ganda la bua kwa wembe hapo hapo hadi ikafika 6.1. Vifuko vya karanga vile vya zamani havipatikani tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo mabawa aliyafunika kwa nailoni iliyofungia soksi mpya za mwanawe.

Binti yake wa miaka saba ndiye aliyeshika ncha ya mpira. Mimi nilitaka kuishika, nikasita, nikachukua daftari. Mtoto alihesabu kwa sauti na mara mbili aliruka namba. Baba yake hakumrekebisha, alingoja ajirekebishe. Ilikaa hewani sekunde 49, ikagusa kenchi, ikashuka ikizunguka kushoto. Niliandika 49.

Nilipofika Dar es Salaam niliwaandikia wafadhili barua pepe ya kurasa mbili. Nilieleza nani alitengeneza nini, na kwamba jibu langu la usaili lilikuwa la kaka yangu, isipokuwa ile namba, ambayo ilikuwa kosa langu. Niliambatisha picha ya ukurasa wa daftari. Nimeituma Jumatatu ya wiki iliyopita. Hawajajibu. Inawezekana wakasema nimedanganya na kila kitu kisimame. Nimehesabu akiba yangu na inafika Aprili.

Nilimpigia kaka kumwambia kwamba nimeshatuma. Akasema sawa. Kukawa na kelele za pikipiki, akamwambia mteja angoje kidogo. Kisha akaniuliza huo mpira wa Muheza ninaoukata maabara unavutika mara ngapi kabla haujakatika. Nikamwambia mara saba, nane hivi.

"Saba au nane?" akauliza.

Nikamwambia nitapima tena.